Risasi: madini, kichwa au risasi nzima? Tatizo la tafsiri katika uwindaji wa nguruwe pori

risasi nm. [ngeli ya I-/ZI-, asili: Kiarabu]

Neno hili lina maana tatu: madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, kipande kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na kitu kizima anachonunua mwenye leseni, yaani ganda, baruti, fataki na kichwa vikiwa pamoja.

Katika mazungumzo muktadha hutosha. Songea, ambako kumbukumbu ya Vita vya Majimaji (1905–1907) ingali hai, kila mtu hujua ni risasi zipi zilizosemekana kwamba zingegeuka maji. Utata hujitokeza mfasiri anapopewa mwongozo wa kuwinda nguruwe pori, mharibifu mkubwa wa mashamba ya mahindi, kwa kuwa humo maana zote tatu hukutana, pengine katika sentensi moja.

Tazama: *Tumia risasi isiyo na risasi.* Sarufi haina kosa, lakini msomaji atacheka au atadhani bunduki iachwe tupu. Iandikwe: *Tumia risasi yenye kichwa cha shaba, kisicho na madini ya risasi.* Jambo lenyewe si la mzaha. Kichwa cha madini ya risasi kinapogonga mfupa humeguka, na chembe zake huenea nyamani mbali na tundu la jeraha. Madini hayo ni sumu, na hudhuru hasa ubongo wa watoto. Kwa hiyo *ondoa risasi nyamani* ni tafsiri hafifu: mlaji atatafuta kipande kimoja, akipate, aridhike. *Chembe za risasi* ndiyo sahihi.

Vitenzi vinahitaji uangalifu zaidi. Kupanuka ni kichwa kutanuka mbele kikiwa bado kipande kimoja kinachoendelea kupenya. Kupasuka ni kuvunjika vipandevipande. Kulipuka hakuhusu kichwa hata kidogo, ingawa wafasiri wengi hukipenda kitenzi hicho. Kinachowaka ni baruti, tena ndani ya ganda. Nguruwe pori ana ngozi nene na mifupa imara ya bega, na moyo wake umekaa chini, karibu na miguu ya mbele. Kichwa kinachopasuka begani huenda kisiufikie moyo, na nguruwe aliyejeruhiwa aweza kumgeukia mwindaji. Anayeandika *inayopasuka* mahali pa *inayopanuka* amemshauri msomaji kinyume cha alichokusudia mwandishi.

Kwa gobore maelezo hubadilika. Baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu na kushindiliwa, kisha hutiwa goroli au vipande vya chuma. Ganda halipo, hivyo maana ya tatu haitumiki. Afadhali kusema *goroli ya gobore*. Marisaa ni punje ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja: zinafaa kwa kanga, si kwa nguruwe, na kuziita *risasi ndogo* kunaficha tofauti hiyo.

Upatanisho husaidia kiasi. Madini hayana wingi: *risasi imeingia nyamani* yaweza kuwa madini au kipande kimoja, lakini *risasi zimeingia* ni vipande tu.

Linganisha pia ngiri: ni mnyama mwingine, si nguruwe pori, na jina lake ni pia la maradhi ya mshipa.