Mpira Ndani ya Pupe

Wakusanyaji wa wanasesere wa zamani huanzia usoni. Humgeuza pupe, humpandisha nywele kisogoni kutafuta chapa ya kiwanda kwenye kauri, kisha hukagua macho ya kioo kama yana ufa. Bei hutajwa hapo hapo. Mimi huanzia tumboni, maana ndiko kazi yangu iliko. Kichwa huwa kizima mara nyingi. Kilichokufa ni kamba ya mpira inayoshika viungo, na mwenye pupe akishaikata huitupa bila hata kuitazama. Mimi siitupi. Kwa mtu wa Katanga, historia ya pupe hawa imo mle.

Karakana yangu iko Lubumbashi, Kamalondo, mtaa ambao wazee bado huuita Albert wakijisahau. Nilianza kama fundi wa kinga, yaani baiskeli: kuziba mipira, kunyoosha rimu, kubadilisha spoki. Mtoto wa ndugu yangu anaishi Bruxelles, na asubuhi zake za mapumziko huzimalizia kwenye soko la vitu vya kale la Jeu de Balle. Siku moja akanipigia simu: "Baba mudogo, niliona kapupe kamoja pa soko, lakini kako bipande-bipande." Alikuwa amekinunua kwa bei ya kutupa, kwa sababu huko fundi wa kukiunganisha ana gharama kubwa kuliko kichwa chenyewe. Alikileta alipokuja likizo. Tangu hapo vingine vimefuata, mikononi mwa watu wanaosafiri, ndani ya masanduku kati ya viatu na maziwa ya unga.

Boksi likifunguliwa unakuta kichwa kimefungwa peke yake kwa soksi, kiwiliwili kitupu, mapaja, miundi, mikono ya juu, mikono ya chini, viganja, na mfuko wenye tufe za mbao za viwiko na magoti. Tufe hizo ndizo zinazopotea. Mwili wenyewe umetengenezwa kwa karatasi iliyopondwa pamoja na gundi na unga wa mbao, ukapakwa rangi ya ngozi na kung'arishwa. Ni mwepisi ajabu, lakini maji ni adui yake. Kichwa kina ndoano inayotokea shingoni. Mpira mnene unatoka kwenye ndoano ya mguu mmoja, unapita gotini na pajani, unapanda ndani ya kiwiliwili, unazunguka ndoano ya kichwa, unashuka mguu wa pili. Mpira mwembamba unavuka kifua kutoka kiganja hadi kiganja. Yote miwili lazima ivutwe hadi ilalamike. Ukiilegeza, pupe anakaa kama mlevi. Ukiikaza kupita kiasi, siku moja shingo ya kauri inapasuka usiku, na asubuhi unaambiwa ni paka. Mimi huvuta kwa waya mrefu wenye kikulabu, nasukuma kijiti chini ya kitanzi kisije kikarudi ndani, na chini yangu nimetandika blanketi zito. Fundi asiyetandika blanketi usimpe kichwa cha kauri.

Pupe mwenye viungo ni wa zamani kuliko mpira. Wagiriki walifinyanga wa udongo wenye mikono na miguu inayoning'inia. Mwaka 1889, Roma, wachimbaji wa msingi wa jumba la mahakama walikuta kaburi la msichana aitwaye Crepereia Tryphaena, wa karne ya 2, na kando yake pupe wa pembe ya ndovu anayekunja viwiko na magoti. Huyo alishikwa kwa vijiti vya pembe hiyohiyo. Wachongaji wa Ujerumani, kwenye miaka ya 1520, walitengeneza watu wadogo wa mti wa boksi, viungo vyake tufe hadi kwenye vidole, wakawafunga ndani kwa utumbo wa mnyama. Utumbo unakaza, lakini haurudi. Kinachomfanya pupe anyanyue mkono na mkono ubaki pale ulipowekwa ni kitu kinachovuta bila kuchoka, na Ulaya haikuwa nacho.

Kilikuja kwa hatua. Thomas Hancock wa Uingereza alipata hati ya ubunifu mwaka 1820 kwa kukata mpira vipande vyembamba vya kukazia glavu na mikanda ya suruali. Mpira wake ulikuwa mgumu kwa baridi, na kwa joto ulinata. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huacha tabia hizo, akaandikisha ugunduzi wake mwaka 1844. Baada ya hapo kamba ya mpira ikawa kitu cha kununua kwa mita. Viwanda vya wanasesere havikukawia. Mtengenezaji Jumeau alikuwa Montreuil, kando ya Paris, na mwaka 1878 alipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Upande wa Ujerumani, mji wa Waltershausen katika Thüringen ulijaa karakana za miili ya tufe, na vichwa vya kauri vilitoka jirani kwa Simon & Halbig. Enzi yao iliyonona zaidi ilitoka karibu mwaka 1880 hadi vita vya 1914.

Tazama miaka hiyo vizuri. Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji, iliishi kuanzia 1885 hadi 1908. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza tairi la upepo, na dunia ikaanza kuulilia mpira. Mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mpira uliokuwepo ulikuwa hasa wa Amazon na wetu, huu wetu ukigemwa kutoka kwenye mtambaazi wa msituni uitwao landolphia. Kongo ilisafirisha kama tani 100 mwaka 1890. Mwaka 1901 zilikuwa kama 6,000. Nyingi zilishushwa Antwerp, na bandari hiyo ikawa moja ya masoko makubwa ya mpira duniani. Kule ndiko karani wa kampuni ya meli, E. D. Morel, alikotazama shehena na kuona kwamba meli zinakuja na mpira na pembe, zinarudi na bunduki na risasi. Biashara isiyo na malipo ina jina lake, naye akalitaja.

Najua Katanga haikuwa Équateur, jimbo la mpira. Huku kwetu baada ya mfalme Msiri kuuawa Bunkeya, tarehe 20 Desemba 1891, mpira uliendelea kwa muda kubebwa kwenda magharibi na misafara ya Wabihe hadi pwani ya Angola, pamoja na nta na watu watumwa. Wazungu wa hapa walitaka shaba. Lakini mpira ukishayeyushwa kiwandani haubaki na kabila. Wa Amazon, wa Équateur na wa Angola uliingia kwenye sufuria moja na kutoka kamba moja.

Tarehe 14 Mei 1904, Baringa, katika eneo la kampuni ya mpira ya ABIR, mwanamume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika misheni na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano. Walinzi wa kampuni walikuwa wamemuua. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba huyo ameketi barazani, akivitazama viungo hivyo mbele yake. Picha hiyo ilionyeshwa makanisani na kumbini huko Uingereza na Marekani, na ni moja ya vitu vilivyomnyang'anya Leopold nchi yake.

Mtu anayefungua boksi la viganja vidogo na nyayo ndogo zilizokunjwa kwenye karatasi atanielewa. Mtoto wa ndugu yangu aliwahi kuniambia ninakuza mambo: sehemu kubwa ya mpira ule ilikwenda kwenye matairi na nyaya za simu, na pupe walichukua makombo. Ni kweli. Pupe si mtoto, nami sitaki kumuuzia mtu uchungu pamoja na kapupe. Ninachokataa ni vitabu vizuri vya wakusanyaji, vyenye kurasa za nyusi, za macho ya kufumba, za viatu vya ngozi, na neno moja tu kuhusu kilicho ndani: kwamba kibadilishwe.

Baadaye pupe wenyewe wakaja huku. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikamiminwa mwaka 1911. Kabla reli ya Port-Francqui haijafunguliwa mwaka 1928, karibu kila kitu cha Ulaya kilipanda kutoka kusini: meli hadi Cape Town au Beira, kisha treni kupitia Bulawayo, daraja la Victoria Falls, Broken Hill, Sakania. Pupe wa Paris aliyefika kwa njia hiyo alikuwa ametikiswa vya kutosha. Wakati huo Jumeau, Bru na wengine walikwisha kuungana, tangu 1899, katika shirika lililojulikana kwa herufi SFBJ, na kichwa kilichonipitia mikononi mara nyingi kuliko vyote ni chao cha namba 60. Ni sura ya kawaida, mashavu mekundu, meno manne. Mkusanyaji mkubwa hukipita bila kugeuka. Mimi nakipenda, kwa sababu ndicho mke wa mhandisi au karani wa kampuni ya shaba ya Union Minière aliweza kukimudu kwa ajili ya Desemba 6, siku ya Mtakatifu Nicolas, ambapo Wabelgiji huwapa watoto zawadi.

Watoto wa upande wa pili wa mji walicheza na magunzi ya mahindi, nywele zake nyuzi zilezile za mahindi, nguo kipande cha kitenge. Gunzi halina viungo na halihitaji fundi. Likichoka, kuku wanalidonoa, na msimu ujao lipo jingine.

Mwezi wa Julai 1960 askari waliasi, na tarehe 11 kiongozi wa jimbo, Tshombe, akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Familia nyingi za Wazungu ziliingia kwenye magari na kuvuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, na katika gari lililojaa watu hakuna anayegombania nafasi ya pupe. Pupe waliobaki kwenye makabati walirithiwa na watu wa nyumba: mpishi, dobi, yaya. Wamama wawili watatu wa mitaa ya Katuba na Kenya wameniletea vichwa vya namna hiyo, mpira wake umegeuka unga wa kahawia. Latex hufa kwa hewa na joto, na kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, kikavu kama kilivyo kwenye mwinuko huu wa mita 1,200, hakiisaidii. Nimeona pupe aliyelala kwenye sanduku bila kuguswa, viungo vyote vimeachana kwa utaratibu, kila kimoja mahali pake.

Tawi jingine la ukoo huu lilipita mbali. Hans Bellmer, mzaliwa wa Katowice, aliunda pupe wake wa kwanza Berlin mwaka 1933, Hitler akiingia madarakani. Alikuwa ameapa kutofanya kazi yoyote ya kuifaa serikali ile. Wale watu wadogo wa mti wa karne ya 16 aliwaona kwenye jumba la makumbusho la Berlin, na tangu 1935 pupe wake wa pili akazungukia kwenye tufe kubwa tumboni. Si wa watoto. Ukimwona utafunika kitabu. Lakini Mjapani Yotsuya Simon alikuta picha yake gazetini mwaka 1965, akaacha njia aliyokuwa akiifuata, na nyuma yake wakafuata wasanii wengi wa tufe. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto ilitoa Super Dollfie, pupe wa resini mwenye urefu wa kama sentimita 60. Wateja wake wa awali walikuwa watu wa kununua sanamu katika vipande, kusugua kingo na kupaka rangi wenyewe. Ndiyo maana hata leo wa Japani, Korea na China hununuliwa wakiwa vipande na mnunuzi haoni ameonewa: kichwa hakina uso, macho yako kwenye kikopo, mpira umezungushwa pembeni.

Mama mmoja wa mtaa wa Golf anao wa namna hiyo, waliokuja kutoka Guangzhou na mizigo ya mumewe. Resini ni nzito kuliko karatasi, hivyo inataka mpira wa kuvuta zaidi, na ndani ya tufe tunagandisha vipande vidogo vya ngozi laini ili kiungo kisiteleze. Jua huigeuza manjano, nami namkumbusha kila mara asiwaweke dirishani, na kila mara ninawakuta dirishani.

Ndoano hunipa majivuno kidogo. Mafundi wa Kiyeke walivuta shaba kuwa waya mwembamba zamani sana, kazi ambayo askofu de Hemptinne aliiandikia mwaka 1926 katika *Les mangeurs de cuivre du Katanga*, na wageni hupenda kuambiwa kwamba pupe wao ameshikwa kwa shaba ya hapa. Shaba ni laini, itafunguka shingoni. Natumia spoki za kinga, chuma, nikizikunja kwa koleo mbili. Mpira wa ndani wa tairi nilijaribu, lakini unakatika kwenye kona na unachafua kauri kwa weusi. Ninaotumia ni wa duara, umevishwa uzi mweupe, wa milimita 4 kwa miguu na 3 kwa mikono, unaouzwa kwa washonaji. Latex yake inatoka Thailand au Indonesia, kama mpira mwingi wa siku hizi, na kwetu unafika kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Ule wa zamani nautia kwenye bahasha na kumrudishia mwenye pupe. Wengi hushangaa na kuniuliza kama natoza pesa zaidi kwa hilo. Sitozi. Natoza kwa tufe iliyopotea, kwa sababu lazima niichonge, na kwa kichwa kilichoanguka kabla hakijanifikia.