Haiba na Mapendeleo ya Kazi

Vipimo vya mapendeleo ya kazi humwuliza mtu anapenda shughuli zipi, wala si anaziweza kiasi gani. Tofauti hiyo husahaulika upesi, na wengi huyapokea matokeo kana kwamba wamekwisha kupangiwa kazi.

Dodoso la Edward K. Strong wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitoka mwaka 1927. Strong aliyalinganisha majibu ya mtu na ya watu waliodumu katika taaluma fulani: aliyependa na kuchukia yale yale wanayopenda na kuchukia wahandisi, alihesabiwa ana mwelekeo wa uhandisi.

John Holland alitaka kujua sababu ya watu wa taaluma moja kufanana hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akiwahoji wanaoingia jeshini, akaona kwamba historia zao za kazi hufuata mikondo michache. Katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1959, na kuiboresha kwa miaka mingi, aliwagawa watu makundi sita: wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa jamii, wajasiriamali na wapenda utaratibu. Kwa Holland, mtu akichagua kazi huwa anaidhihirisha haiba yake.

Je, ni kweli? Mwaka 2002 Lisa Larson na wenzake walijumlisha tafiti zilizolinganisha makundi hayo na sifa kuu tano za haiba. Ambapo 1 ni uhusiano kamili, uwazi wa fikra na mapendeleo ya sanaa vilifikia 0.48, uchangamfu na ujasiriamali, 0.41, uchangamfu na huduma za jamii, 0.31. Upole, ambao wengi wangeutarajia kwa walimu na wauguzi, ulihusiana na huduma za jamii kwa 0.19 tu.

Hata hiyo 0.48, iliyo kubwa kuliko zote, hueleza chini ya robo ya tofauti za mapendeleo baina ya watu.

Kundi la vitendo ndilo linalostahili kutazamwa zaidi. Mapendeleo ya ufundi wa magari, useremala au kilimo karibu hayaambatani na sifa yoyote kati ya hizo tano. Fundi aweza kuwa msemaji au mkimya, mpole au mkali. Kwa hiyo kumchagulia mwanafunzi mchepuo kwa kipimo cha haiba pekee ni kumdhulumu. Mshauri makini huviweka pamoja vipimo viwili, cha haiba na cha mapendeleo: kijana mkimya anayependa biashara haambiwi aiache, bali huulizwa kama angefurahia zaidi ununuzi, uhasibu au kumiliki karakana kuliko kunadi bidhaa sokoni.