DAMU YAKO ILIANZIA WAPI? (Sehemu ya 4)

Juzi nilisema uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ndio kiwanda cha damu. Mama mmoja mwenye mtoto wa selimundu akaniuliza: "Nesi, kabla mtoto hajawa na mifupa, damu inatoka wapi?"

Swali zito! Hata wanasayansi walibishana miaka na miaka.

Mwaka 1970, Moore na Metcalf wa Melbourne, Australia, walisema seli shina za damu, yaani seli mama zinazozaa damu yote, huanzia kwenye kifuko cha kiini, nje ya mwili wa kiinitete. Wengi wakakubali, maana damu ya kwanza huonekana hapo.

Mwaka 1975, Mfaransa Françoise Dieterlen-Lièvre akapandikiza kiinitete cha kware kwenye kifuko cha kuku. Seli za kware ukizipaka rangi zinajulikana kwa darubini. Kama kifuko ndicho chanzo, kware angebaki na damu ya kuku, si ndiyo? Wapi! Seli shina za kudumu zilikuwa za kware. Zimetoka mwilini mwake mwenyewe.

Haya, huyo ni ndege. Mnyama je? Mwaka 1996, Medvinsky na Dzierzak, Uholanzi, walichukua kipande cha kiinitete cha panya kando ya aota, mshipa mkuu wa damu. Kikatengeneza seli shina chenyewe, na panya walioharibiwa uboho kwa mionzi wakapata damu upya. Mwaka 2010 zikaonekana mubashara: seli za ukuta wa aota zinajikunja, zinachomoka, zinaingia kwenye damu. Kisha huenda kwenye ini, baadaye kwenye uboho.

Kwa binadamu hii huanza kama wiki ya nne. Wengine hata hawajajua wana mimba!

Kwa nini nakuchosha na historia? Kupandikiza uboho kunaweza kuponya selimundu, lakini wengi hawapati mtu wa kufanana naye. Maabara zilijaribu kutengeneza seli shina, zikapata damu ya aina ya kifuko, haidumu. Mwaka 2024, Melbourne hiyohiyo, wakafuata njia ya aota, wakapata seli za binadamu zilizodumu ndani ya panya.

Panya, ndugu yangu. Bado si tiba ya hospitalini. Kwa hiyo anayekuuzia "vidonge vya seli shina" vya kutibu selimundu, mwambie nesi amekataa. Hela hiyo mpeleke mtoto kliniki.

Maswali weka hapo chini. Sehemu ya 5 kesho.