Nani Aliwaambia Anaitwa Venus?

Kabla niache chuo, mhadhiri mmoja alituonyesha picha ya sanamu ya mwanamke: matiti makubwa, tumbo limeshuka, uso hana. Akasema, "Hii ni alama ya uzazi," akaendelea na slaidi ingine. Maboyi wa nyuma wakacheka. Mimi nikavuta sweta nikafunika tumbo. Hiyo kicheko sijawahi sahau.

Sanamu yenyewe ilichimbuliwa Willendorf, Austria, mwaka wa 1908. Ni kadogo, sentimita 11 hivi, unakashika kwa kiganja kimoja. Kalichongwa kwa jiwe la chokaa karibu miaka 30,000 iliyopita, kakapakwa rangi ya udongo mwekundu. Halafu wakakaita Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Warumi, wasee! Hao walikuja makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Ni wanaume wa Ulaya wa karne ya 19 walioanza kuzipa sanamu kama hizi hilo jina, na jina likaja na kazi: ama unatamanisha, ama unazaa. Basi.

Mwaka wa 1996 mtafiti LeRoy McDermott alileta wazo lingine. Labda wachongaji walikuwa wanawake wakijichonga wenyewe. Kioo hakukuwa. Ukijiangalia kutoka juu, kifua kinajaa mbele, tumbo linafuata, nyayo zinapotea, na uso wako huwezi kuuona. Nilijaribu. Niliweka simu kwa paji la uso, kamera ikaangalia chini, nikapiga. Manze, ni yeye kabisa.

Wanaompinga huuliza: mbona basi na nyuma kumechongwa? Swali poa. Lakini mwili haujulikani kwa macho peke yake. Kichwa cha hiyo sanamu kimezungukwa na mistari, wengine husema ni nywele zimesukwa, wengine kofia ya kufumwa. Kama umewahi kujisuka mwenyewe kisogoni, unajua vidole huona. Sisemi McDermott amemaliza kesi. Nasema huyo mhadhiri hakuwa na haki ya kuimaliza kwa sentensi moja.

Na mwishoni mwa 2017 Facebook walifuta picha yake, eti uchi. Makumbusho ya Vienna yanayomhifadhi yakateta, Facebook wakaomba msamaha.

Ile yangu sijaposti. Iko kwa simu, na huwa naifungua.