Kibodi Bila Waya Ndani ya Linux: Tulikotoka na Tulipofika

Leo tuweke misimbo kando kidogo tuzungumze historia. Siku hizi unachomeka kipokezi kidogo cha USB na kipanya kinaanza kutembea kabla hujaketi vizuri. Wengi hudhani mambo yamekuwa hivyo tangu jadi. La hasha! Tumefika hapa kwa jasho la watu wengi, na ndani ya historia hii mna jambo linalogusa nywila zako.

Mwanga kwanza, redio baadaye

Mwaka 1983 IBM ilitangaza kompyuta ya nyumbani iitwayo PCjr, iliyokuja na kibodi isiyo na waya. Ilitumia mwanga wa infraredi, kama rimoti ya televisheni. Mwaka 1984 Logitech nayo ikatengeneza kipanya cha infraredi kwa ajili ya kompyuta za Metaphor. Shida ya mwanga ni kwamba ukiweka kikombe cha chai katikati, mawasiliano yamekwisha.

Mwaka 1991 Logitech ikatoa Cordless MouseMan, kipanya cha redio. Redio haijali kikombe. Lakini haijali ukuta pia! Mwaka 2002, huko Stavanger nchini Norway, iliripotiwa kwamba maneno aliyoandika mtu mmoja yalikuwa yakitokea kwenye kompyuta ya jirani aliye umbali wa kama mita 150. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Kwa Linux, vifaa hivyo vya zamani havikusumbua sana. Kipokezi kilijifanya kibodi ya kawaida. Kanuni za USB za vifaa vya mkono (HID) zilitolewa mwaka 1996, na zina mtindo rahisi wa kuwashia kompyuta: kibodi hutuma baiti 8, ya kwanza ni ya Shift, Ctrl na wenzao, ya pili imeachwa wazi, na sita zilizobaki ni vitufe ulivyobonyeza. Kerneli haijui kama baiti hizo zimepita kwenye waya au hewani, na wala haina haja ya kujua.

Bluetooth na ufunguo uliofungiwa ndani

Bluetooth ilianza Ericsson mwaka 1994, na mwaka 1998 kampuni tano (Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba) zikaungana kuisimamia. Upande wetu, Max Krasnyansky aliandika BlueZ akiwa Qualcomm, ikatolewa kama programu huria mwaka 2001, na mwaka huo huo ikaingia kwenye kerneli 2.4.6.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Akili ya Bluetooth imo ndani ya mfumo endeshi, si ndani ya kipokezi. Kabla Linux haijaamka, BIOS na GRUB hazioni kibodi yoyote. Na hata ikishaamka, ilibidi ufungue terminali uandike `hidd --search` ili kibodi itambulike. Uandike kwa kibodi gani? Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba, nawe uko nje!

Watengenezaji wengine walitafuta njia ya katikati. Vipokezi kama cha Logitech diNovo viliwaka vikijifanya kibodi na kipanya vya kawaida vya USB, kisha Linux ikatumia programu ndogo iitwayo `hid2hci` kuvigeuza kuwa Bluetooth kamili. Na waliokuwa na Windows na Linux kwenye mashine moja walikuta balaa jingine: kila mfumo hutunza ufunguo wake wa kuoanisha, hivyo ukioanisha kibodi upande mmoja, upande wa pili unaikataa. Mwishoni mwa 2012 ikaja BlueZ 5 na `bluetoothctl`, na kazi ikawa nyepesi.

Kipokezi kimoja, vifaa sita

Mwaka 2009 Logitech ilileta Unifying, kipokezi kimoja cha masafa ya 2.4 GHz kinachobeba hadi vifaa sita. Kwenye Linux kilifanya kazi, ila vifaa vyote vilionekana kama kimoja, na programu ya kuoanisha ilikuwa ya Windows na Mac tu. Kerneli 3.2 ya Januari 2012 ilileta kiendeshi `hid-logitech-dj`, kilichoandikwa na Nestor Lopez Casado, mfanyakazi wa Logitech yenyewe, na vifaa vikaanza kutambulika kimoja kimoja. Mwaka huo huo Daniel Pavel akaanzisha Solaar, ambayo huoanisha vifaa na kuonyesha hali ya betri. Tazama tofauti: mtengenezaji alipofungua mlango kidogo tu, jamii ilimalizia.

Nani mwingine anasikiliza?

Sasa turudi Stavanger. Mwaka 2007 Max Moser na Philipp Schrödel walionyesha kwamba kibodi fulani za Microsoft za 27 MHz zilificha herufi kwa ufunguo wa baiti moja. Baiti moja ni uwezekano 256. Kompyuta humaliza kuujaribu wote kufumba na kufumbua. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ikatangaza MouseJack: vipokezi vya watengenezaji kadhaa vilikubali vitufe vya uongo kutoka umbali wa hadi mita 100. Na Desemba 2023 Marc Newlin alionyesha shambulio la aina hiyo kwenye Bluetooth yenyewe, Linux ikiwemo. La kuuma ni hili: dawa ilikuwa ndani ya BlueZ tangu 2020, ila iliachwa ikiwa imezimwa.

Binafsi naliona hilo ndilo funzo kubwa. Tulipigania miaka mingi vifaa "vifanye kazi tu", na tulipoogopa kuvunja kibodi za watu tukaacha mlango wazi. Kufanya kazi si sawa na kuwa salama. Ukifanyia kazi mkahawani au kwenye ofisi ya kushirikiana hapa Nairobi, mita 100 ni watu wengi sana.

Kwa hiyo fanya mambo matatu:

1. Endesha `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr update`. Vipokezi vingi vya Unifying hupata marekebisho kupitia hapo.
2. Ndani ya `/etc/bluetooth/input.conf`, hakikisha `ClassicBondedOnly` haijawekwa `false`, na usiiache Bluetooth ikionekana na kila mtu.
3. Kama diski yako imesimbwa, weka kibodi moja ya waya kabatini. Nywila ya diski huombwa kabla Bluetooth haijaamka, na siku hiyo waya utakuwa rafiki yako.

Haya, hadi wakati mwingine.