Mwanga Juu ya Kovu

Mjukuu wangu ana kovu la moto mkononi, tangu kiwiko hadi karibu na kiganja. Alilipata akiwa na miaka mitatu, siku aliyoachiwa mimi nimtunze, nami nikazama katika gazeti hata nisione kwamba amelivuta birika la chai. Sasa ni msichana wa miaka 19. Mwaka jana aliniuliza, “Babu, leza ipi itanifaa?” Aliuliza kama aulizaye bei ya sukari. Mimi sikulala.

Mwalimu asiyejua jibu hurudi vitabuni. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, kwa fuwele ya yakuti. Haikupita miaka mingi, daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati akaanza kuujaribu mwanga huo kwenye ngozi ya binadamu. Mwaka 1964 Kumar Patel akaunda leza ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hufyonzwa na maji, na ngozi imejaa maji. Basi tabaka la juu hugeuka mvuke. Zamani madaktari waliondoa eneo zima namna hiyo, mgonjwa akabaki na kidonda kibichi kwa siku nyingi.

Mwaka 1983 Anderson na Parrish walieleza kwamba ukichagua vema rangi ya mwanga, na kuupiga kwa muda mfupi mno, utaunguza unachokilenga tu. Hivyo ikaja leza ya mwanga wa manjano unaofyonzwa na wekundu wa damu. Hiyo hufaa kovu jekundu lililoinuka, mathalani la operesheni ya karibuni. Lakini weusi wa ngozi nao huufyonza mwanga huo! Nahisi waliobuni mashine ile hawakuwa na mkono wa mjukuu wangu mbele yao. Tena kovu lake si jekundu. Ni la zamani, gumu, limekunjamana.

Mwaka 2004 Manstein, Anderson na wenzao walionyesha njia ya kutoboa ngozi kwa vijishimo vya joto visivyoonekana kwa macho, ngozi nzima ikiachwa katikati ili iponyeshe jirani yake. Baadaye hata leza ya Patel ikagawanywa hivyo. Hii haitegemei sana rangi ya ngozi, ingawa joto likizidi huacha mabaka meusi.

Nilimweleza yote, pamoja na habari ya gazeti, ambayo hakuwahi kuisikia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimsindikize. Daktari amejaribu kwanza sehemu ndogo karibu na kiwiko. Tunasubiri.