Mnazi Hausubiri Mgeni

“Umekuja kunywa au kutazama?” Mzee aliniuliza akiwa juu ya mnazi, kotama mkononi, hata kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu. Nilikuwa nimeshuka kwenye daladala ya Bagamoyo pale Kiromo, nikafuata njia ya mchanga kuelekea upande wa bahari. Nikamjibu kuwa nimekuja kwa yote mawili. Akacheka, akaendelea na kazi yake. Chini ya mnazi wa kugemwa, mtu asiyenunua ni ama jamaa ama askari.

Swali hilo lisingeulizwa Hombolo, mkoani Dodoma. Miezi michache nyuma nilipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, nikaenda kuona mashamba ya zabibu. Kule kutazama ni sehemu ya biashara, ingawa biashara yenyewe bado changa. Unapitishwa kati ya mistari ya mizabibu iliyotambazwa kwenye nyaya, unashikishwa udongo, unaingizwa kwenye ghala la matangi, kisha unapewa glasi pamoja na maelezo. Unaambiwa mzabibu wa Dodoma, ukipogolewa kwa mpango, huzaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba, ilhali ule wa Ulaya hulala wakati wa baridi ukavunwa mara moja tu. Ukame ambao mkulima wa mahindi anaulilia, mwenye zabibu anaushukuru. Nilitoka na chupa mbili na vumbi jekundu kwenye viatu.

Namna hiyo ya kumpokea mgeni imeazimwa. Stellenbosch, Afrika Kusini, wenye mashamba walifungua njia yao ya watalii mwaka 1971. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuweka msingi wake zamani: mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, divai za Bordeaux zilipangwa madaraja, na orodha ile inaheshimiwa mpaka leo. Kinachouzwa kote huko ni mahali. Champagne ni jina la mkoa kabla ya kuwa jina la kinywaji. Msafiri anakwenda kuukanyaga udongo uliomo kwenye chupa yake. (Stellenbosch glasi huja na mandhari ya milima, habari kwamba vizazi vya vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, hiyo mpaka uiulize.)

Huku pwani hata maneno yenyewe yalishuka bandarini. Mvinyo tumeupata kwa Wareno, divai kwa Wafaransa. Zabibu ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu ni tunda lililokaushwa. Majahazi yasingeweza kulifikisha bichi. Tembo tu ndilo halikuhitaji chombo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walizungukwa na minazi, lakini kwa sheria ya Kanisa divai ya misa lazima itokane na zabibu. Mzabibu haupendi unyevu wa pwani, wenye masika na vuli na ukungu unaokula majani. Kikombe cha altare ikabidi kijazwe kutoka mbali, huku nje ya ukuta watu wakigema.

Na kugema kwenyewe nilikuona kwa karibu, maana mzee aliposhuka alinionyesha karara alilolikata kwenye mnazi mwingine, mfupi. Huchaguliwa karara ambalo bado halijapasuka, likafungwa kamba lisifunuke, likapindwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ncha huchongwa kipande chembamba kama ukucha, na tembo huanza kudondoka kwenye kibuyu, ambacho siku hizi mara nyingi ni kidumu cha plastiki. Asubuhi na jioni mgema hupanda kuchonga tena. Akiacha, kidonda hufunga. Karara hilo halitazaa nazi, kwa hiyo kila kata ya tembo ni kitoweo ambacho hakitaungwa. Chachu haitii mtu. Imo hewani, imo kwenye kibuyu cha jana. Katika kata niliyopewa walielea nyuki wawili; mzee akawapuliza pembeni pamoja na povu.

Lilikuwa tamu, la asubuhi. Adhuhuri lingekuwa limechangamka, jioni kali, na baada ya siku moja au mbili siki ya kuungia samaki. Mnywaji wa Bordeaux huuliza divai imetoka wapi. Wa Kiromo huuliza limeshushwa saa ngapi, na nani kagema. Hata methali yetu ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji haina kijiji wala udongo ndani yake: ina mtu, na tamaa yake. Mshairi Ahmed Sheikh Nabhany naye alipotunga Umbuji wa Mnazi, aliusifu mti.

Ajabu ni kwamba divai, inayoweza kuvuka bahari na kukaa miaka ndani ya chupa, ndiyo inayofuatwa kwa ndege. Tembo, lisilonyweka vizuri ila pale pale, halina kiongozi wa watalii. Wageni wa Bagamoyo hupelekwa Kaole, Ngome Kongwe na misheni, kwenye mnara unaohusishwa na maiti ya Livingstone mwaka 1874, na njiani hupita chini ya minazi bila kuinua macho. Sababu moja naielewa na kuiheshimu: huu ni mji wa misikiti, na mgema huuza kimyakimya ili asiwakwaze jirani zake. Ningeona aibu kumwekea kibao barabarani. Mimi mwenyewe nilifika kwa kuelekezwa na muuza madafu, aliyetazama kwanza kulia na kushoto.

Nilinunua lita moja ya kupeleka Dar. Mzee akanionya, “Mwanangu, kifuniko usikikaze.” Nilitii mpaka Mapinga, mama niliyeketi naye alipoanza kukunja pua. Nikakikaza kwa adabu. Bunju kikaruka, kikapiga dari la daladala, povu likamwagikia magunia ya mkaa, na konda akageuka bila hata kukasirika: “Nani huyo kapanda na mnazi halafu kaufungia?”